Uliza Habari Mara ya Pili

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya kiangazi tulipokwenda stesheni ya Tabora kumpokea mdogo wangu Idrisa, aliyekuwa akirudi likizo kutoka chuo kikuu. Nakuandikia, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenda kusoma hisabati na kompyuta, mambo yale yale aliyoyasomea yeye, na nimeona si vizuri kukuacha uondoke bila kujua yaliyompata. Mimi niliishia darasa la nane. Kwa hiyo nikiyaeleza masomo yake vibaya, kosa ni langu, si lake.

Baba yetu alikuwa fundi bati hapo mtaa wa Ipuli. Alitengeneza vibatari, ndoo na makarai, na tangu Idrisa achaguliwe hakuna mteja aliyeondoka na kibatari chake bila kuambiwa kwamba mtoto wa nyumba hii anasoma hesabu za mwisho kabisa, zile ambazo baada yake hakuna nyingine. Nchi ilikuwa changa. Tuliambiwa kila kijana aliye chuoni anasoma kwa jasho la wakulima, na baba aliliamini neno hilo kwa moyo wake wote. Mtaani wakamwita Idrisa "Profesa". Haikuwa kejeli, walimpenda. Nasema hivyo mapema ili usije ukawahukumu.

Treni iliposimama, wa kwanza kumwona alikuwa Mzee Masima. Huyu alikuwa Mgogo, mstaafu wa reli, jirani yetu na mtani wetu. Wagogo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu wapagazi walipokuwa wakikatiza nchi ya Wagogo na pembe za ndovu mabegani kwenda Pwani. Mtani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo.

"Shikamoo, mzee," Idrisa akasema.

"Shikamoo hailiwi. Umeniletea nini, mpagazi? Babu yako alitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo akarudi na kaniki moja. Wewe umepandishwa treni, umerudi na miwani."

Mama akamjibu, "Mwache mtoto apumue, mzee njaa. Umekuja kumpokea au kunusa kikapu?"

"Nimekuja kunusa kichwa. Ubongo ukiiva hunukia. Huu bado sijausikia."

Watu wakacheka. Idrisa naye alicheka, ila akachelewa kidogo, kama mtu aliyengoja kutafsiriwa. Sijui kama nililiona hilo siku ile ile au nimeliona miaka ya baadaye. Kumbukumbu nayo ina mikono, hupanga vitu inavyotaka.

"Habari za masomo?" baba akauliza.

"Nzuri, baba."

"Na ile mashine?"

"Nzuri."

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi hatukulijua, maana sipendi kukufumba macho kama tulivyofumbwa. Idrisa alikuwa ameshindwa mitihani ya mwaka. Alipewa nafasi ya kuirudia mwisho wa likizo, na akishindwa tena, basi, chuo kimekwisha. Majuma yale ya likizo ndiyo pekee yaliyobaki ya kumwokoa, nasi tuliyatumia kumtembeza.

Ndiyo desturi. Msomi akirudi hana budi kuzunguka kusalimia. Tulimpeleka kwa shangazi, aliyekuwa amehamia kijiji cha ujamaa kupita Kipalapala. Tukampeleka kwa wajomba, na kwa kila rafiki wa baba aliyewahi kununua karai. Kila nyumba walimtandikia mkeka, wakamchinjia au wakamkaangia karanga, kila mtu kwa uwezo wake. Kila nyumba walimuuliza habari za masomo, naye akasema nzuri. Unajua salamu zetu zilivyo, mwanangu. Habari kwanza ni nzuri. Hata mtu aliyeunguliwa na nyumba, ukimuuliza habari za nyumbani atasema nzuri, ndipo avute pumzi aseme, ila nyumba imeungua. Huo si uongo. Ni heshima, kwamba mgeni asirushiwe msiba usoni kabla hajaketi. Lakini mtu akiwa ni wa kujivunia, hatumngoji avute pumzi. "Nzuri" yake inatutosha, tunaondoka nayo mbio kwenda kuwaonyesha majirani.

Siku moja alinifuata jikoni, nikichambua matembele.

"Dada, hesabu za kule hazina namba."

"Hesabu bila namba? Huo si ugali bila unga?"

"Kweli nakwambia. Ukitoa jibu hawalitaki. Wanataka uwaonyeshe umejuaje. Nimeambiwa nithibitishe kwamba namba witiri ukiijumlisha na witiri nyingine, siku zote unapata shufwa."

"Tatu na tano, nane. Hata mtoto anajua."

"Ndivyo na mimi nilivyofikiri. Nikaandika, ni dhahiri. Mwalimu akaandika pembeni: dhahiri kwa nani?"

Nilicheka. Niliuona ni mzaha wa wasomi. Akavuta matembele akawa anachambua pamoja nami, kisha akaanza kunieleza ile mashine: kwamba inajaza chumba, kwamba inalishwa kadi zenye matundu, na mwanafunzi hupeleka bunda lake la kadi leo akangoja majibu mpaka kesho. Nikamuuliza kama mashine hiyo inajua hesabu kumzidi.

"Haijui kitu, dada. Inafuata ulivyoiambia. Ukikosea, mara nyingine inakataa, na hiyo ndiyo bahati yako. Mara nyingine inakubali, halafu inakupa jibu la uongo kwa uso mkavu."

Baba akaita kutoka uani: mgeni amefika, Profesa aje amsalimie. Idrisa akanawa mikono akaenda.

Nimejiuliza sana kama siku ile alikuja kuniambia. Huenda ndiyo. Huenda alitaka mtu wa kuongea naye tu, na matembele. Sitaki kujitwisha mzigo usio wangu, wala sitaki kuutua ulio wangu. Nimeshindwa kuupima.

Likizo ikaisha, akarudi. Likizo iliyofuata hakuja, na nyingine pia hakuja. Msafiri mmoja akatuletea salamu kwamba ni mzima, kazi ni nyingi. Kisha mchuuzi wa mchele aliyetoka Igunga akaja kununua ndoo, akamwambia baba amemwona Idrisa kule, ni utingo wa lori la pamba.

Baba aliendelea kugonga bati. "Wanafanana," akasema. "Wangu yuko chuo."

"Fundi, nimesema naye. Kanisaidia kupandisha magunia."

"Wanafanana."

Akamuuzia ndoo yake, na hakumsemesha tena. Nisimdhulumu marehemu. Siamini kwamba alikuwa akisema uongo. Nadhani alilipenda lile jibu la "nzuri" kiasi kwamba hakuthubutu kulikagua, kama mtu anayeogopa kugusa bati kabla halijapoa.

Baba alifariki masika, kwa ugonjwa wa kifua. Wazee wakaanza kushauriana nani atume simu ya maandishi chuoni. Mama, ambaye hadi siku ile hakuwahi kubisha wala kukubali habari za yule mchuuzi, akasema kwa upole, "Mpelekeni mtu Igunga."

Tukangoja. Idrisa alifika kesho yake baada ya adhuhuri, amekonda, shati lina nyuzi za pamba mabegani. Maiti ilikuwa imekwisha oshwa na kuvishwa sanda. Na hata pale, mwanangu, msibani, watu walimpa mkono na kumwambia, "Pole, Profesa. Habari za chuo?" Naye akasema, "Nzuri."

Jeneza likainuliwa. Hapo Mzee Masima akaja, akaketi juu ya kizingiti cha mlango, miguu ameinyoosha. Hakuna aliyeshtuka. Mtani ana haki ya kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na watu hufurahi, maana kicheko kidogo humsaidia mfiwa kutembea hadi makaburini. Mjomba akatia mkono mfukoni.

"Rudisha hela yako," Masima akasema. "Mpagazi huyu hatoki. Namtaka kijana wake. Idrisa, habari za masomo?"

"Nzuri, mzee."

"Hiyo umekwisha mpa kila mtu. Mimi nipe ya pili."

Sheikh akakohoa. "Mzee Masima, jua linakwenda."

"Liende. Nimefanya kazi reli, najua kungoja." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, haina mzaha hata chembe, "Nzuri, ila nini, mwanangu?"

Idrisa alikuwa ameshika ukingo wa jeneza.

"Ila nilishindwa," akasema. "Nilishindwa mwaka ule ule mlionipokea stesheni. Mwalimu wangu aliniambia nibaki likizo, anifundishe upya tangu mwanzo. Nikaona baba ataulizwa kwa nini sikuja. Nikaja. Nikasalimia watu. Nikarudi, nikashindwa tena." Akamtazama aliyelala. "Nimepita hapa na lori mara nyingi, baba. Nilikuwa nasikia nyundo yako."

Mama akasema, "Haya." Hilo tu.

Masima akainuka kwa kushika mwimo wa mlango, akatugeukia sisi watu wa nyumbani. "Nyinyi mna salamu ndefu kuliko reli. Mmemuuliza huyu mtoto habari zake Tabora nzima, asipatikane mmoja wa kungoja amalize. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, na yeye alificha. Lakini mganga anayeuliza unaumwa nini huku anaondoka, huyo naye tumwiteje?"

Akapisha njia. Hakuchukua kitu. Tukaenda kumzika baba.

Ningependa kukuandikia kwamba Idrisa alirudi chuoni. Hakurudi. Nafasi yake ilikuwa imekwisha, na nyumba ilihitaji mtu mwenye kipato. Akarudi Igunga, akawa dereva, akaoa huko, akazaa watoto wazuri. Alifariki miaka kadhaa iliyopita, na watu waliomzika walikuwa wengi, kwa hiyo nisiseme maisha yake yaliharibika. Si haki kwa mkewe wala kwa wanawe. Nasema tu kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kilichokosa pa kwenda.

Wakati mmoja nilimtembelea, nikamuuliza kama aliwahi kuielewa ile hesabu ya witiri. Akacheka.

"Niliielewa juu ya pamba, dada, tuko njiani na lori. Witiri ni kundi la watu walioshikana mikono wawili wawili, mmoja amebaki peke yake. Lete kundi jingine la namna hiyo, nalo lina wake aliyebaki. Makundi yakikutana, wale wawili wanashikana. Hakuna anayebaki tena. Ndiyo yote waliyokuwa wakiitaka." Akatazama nje kidogo. "Ilikuwa inataka muda. Nilikuwa mzito, dada, sikuwa mjinga."

Nililia ndani ya basi kutoka Igunga mpaka nafika kwangu, kwa sababu ya maneno hayo ya mwisho.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naitoa kwa woga, maana anayekushauri hajawahi kukaa darasa kama lako. Itafika siku mwalimu atauliza mmeelewa, na wenzako wote wataitikia ndiyo, na wewe hujaelewa. Sema hujaelewa. Usingoje wiki ya pili, kwa kuwa somo la kesho litakuja kukalia la leo, na uzito utakuwa maradufu. Kuuliza si ujinga, na kawia ufike. Wengi kati ya wale walioitikia ndiyo watakushukuru kimoyomoyo. Mwalimu akikwambia baki nikufundishe, baki. Usije nyumbani kwa ajili ya kulinda heshima yetu. Heshima yetu ina umri mkubwa kuliko wako, itajitunza yenyewe.

Na ikiwa utashindwa kabisa, rudi. Rudi mchana, kwa njia kuu, useme ulivyo. Kushindwa mtihani si kufiwa. Sisi tumeyaona yote mawili, hayalingani hata kidogo.

Kwa wazazi wako nina neno pia, uwasomee. Sisemi kila kijana anayesema nzuri anaficha jambo. Wengi mambo yao ni mazuri kweli, waacheni wafurahi. Lakini mkimuuliza mtoto habari, kaeni. Msimwite jina kubwa kabla hajalivaa mwenyewe, maana jina likimpwaya ataona haya kulivua mbele yenu. Akimaliza kujibu, muulizeni tena, polepole, kisha mnyamaze mpaka aseme.

Mungu akupe kifua kikunjufu, mwanangu, na walimu wenye subira, na rafiki unayeweza kumwambia usilolijua bila kuogopa. Akurudishe kwetu ukiwa na shahada au ukiwa huna, mradi akurudishe mzima, na utukute bado tupo, tumeketi, tuna muda wa kukusikiliza. Amin.