Nyimbo Alizozijua Mghoi

Juzi, kwenye harusi huku Thornton Heath, kusini mwa London, binamu yangu Mghoi alisimama kuimba na wanawake wa Taita, na wivu ukanishika upya.

Nilikuwa mdogo alipoletwa London kuishi nasi, kutoka kwa nyanya yetu kwenye milima ya Taita, Kenya. Alasiri moja mama aliwakaribisha manesi wenzake, Wataita kama yeye. Sebule ilinuka tangawizi na makoti yaliyoloa mvua. Wakaanza kuimba Kitaita, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia kwa sauti nzito, miguu ikipiga zulia polepole. Mghoi alizijua nyimbo zote. Mama akamvuta kifuani, akalia.

Nilidhani analia kwa furaha, kwamba hatimaye amepata binti wa kujivunia. Nikawasha televisheni na kuongeza sauti mpaka mwisho. Wanawake wakanyamaza.

"Zima, mwanangu," mama alisema.

"No," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kila siku.

Hakunigombeza. Wageni walivaa makoti, wakaondoka.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba nyanya alikuwa anazikwa siku ile, na mama alinyimwa ruhusa kazini ya kusafiri kwenda kumzika. Zile zilikuwa nyimbo za kumwomboleza.

Tulipotoka harusini nilimwambia mama, "Nifundishe na mimi nyimbo zile."

Akaanza mstari wa kwanza, akakwama. Akajaribu tena, kisha akatikisa kichwa.

"Nimesahau, mwanangu. Muulize Mghoi."

Namba yake ninayo. Sijampigia bado.