Sentensi Mbili Alizozisoma Bungeni

Binamu yangu ndiye aliyenitafutia kazi Dubai. Alikuwa msimamizi wa zamu katika ghala moja la Jebel Ali. Mimi akaniingiza kitengo cha kubandika lebo, na kwa miaka minne nilimwita kaka, awepo asiwepo. Alikuwa amesoma chuo, alijua Kiingereza cha ofisini na Kiarabu cha kupatana na arbab, yaani tajiri wa kazi, na mtu wa pwani akikwama na pasipoti au mkataba, yeye ndiye aliyetajwa kwanza.

Wakati huo huko nyumbani, mamlaka ya serikali inayosimamia ardhi ya umma ilikuwa inaandaa mpango wa mbuga iliyo nyuma ya kijiji chetu. Mbuga ile ni ya wote. Wafugaji hulisha ng'ombe, wakulima huchota maji bwawani mvua zikikatika, na kina mama, mama yangu akiwa mmoja wao, hukata ukindu wa kusukia mikeka. Lakini kila mwaka alizuka mtu na karatasi yake akidai kipande. Mpango ungekomesha hayo. Ungesema hapa ni malisho, hapa ni ukindu, hapa hapajengwi. Maafisa walikaa na wanakijiji karibu miaka mitatu, na mwishoni wakaomba maoni ya kila mtu, hata walio ng'ambo.

"Sisi tumeondoka, hatujafa," binamu alituambia Ijumaa moja baada ya sala.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, tumekaa kwenye mkahawa wa Wamalabari, Wahindi wa kusini, karibu na makazi ya wafanyakazi. Alikuwa amechapisha ramani ya mpango kwenye karatasi nne, akaziunganisha kwa gundi. Tuliondoa vikombe vya chai tukaitandaza mezani. Watu wazima wakainamia karatasi, vidole vinapita huku na huku, wanabishana kisima cha nani kiko wapi. Dereva mmoja wa foklifti alipoliona bwawa alitokwa na machozi, akasingizia pilipili.

Mimi nina mwandiko mzuri, kwa hiyo nikapewa kalamu. Kosa tuliloliona lilikuwa moja tu, nikaliandika hivi: "Njia ya ng'ombe imechorwa mashariki mwa bwawa. Hiyo si njia yetu. Tunaomba ihamishiwe magharibi. Mengine yote tunayakubali kwa moyo mmoja." Tukatia sahihi wote kumi na mmoja. Binamu akapiga picha ile barua akaituma kwa mamlaka na kwetu sote, na karatasi yenyewe akaihifadhi.

Miezi michache baadaye ikaja ramani mpya, njia iko magharibi. Nilimwonyesha kwenye simu, akacheka.

"Umeona, mdogo wangu? Kalamu yako imehamisha ng'ombe."

Uchaguzi ulipokaribia aliacha kazi akarudi kugombea ubunge. Hakuna aliyeshangaa. Tulirekodi sauti zetu za kumwombea kura, zikasambazwa kijijini. Mimi nilimwambia mama awaeleze wenzake wa ukindu kwamba huyu ndiye atakayeulinda mpango.

"Una hakika?" mama aliniuliza.

"Mama, nimekula naye miaka minne."

Akashinda.

Mpango ulipokamilika, mamlaka iliutangaza kuwa kanuni na kuupeleka Bungeni, kama sheria ilivyotaka. Wabunge walikuwa na siku zao za kuupinga. Zikipita kimya, khalas, unaanza kutumika. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nafuatilia matangazo ya Bunge kwa simu saa ya chakula cha mchana, kisikizi kimoja sikioni mwangu, kingine kwa mwenzangu Mganda tuliyebandika naye lebo meza moja. Siasa zetu hazikumhusu, ila alifurahi kumsikia bosi wetu wa zamani akiitwa mheshimiwa.

Siku hiyo Spika alimpa nafasi. Kulikuwa na hoja ya kuufuta mpango, nami nikaongeza sauti nimsikie akiipinga. Akasema anaiunga mkono. Nilidhani ulimi umeteleza.

"Mheshimiwa Spika, mpango huu umeandikwa na watu wa ofisini wasioijua mbuga yetu. Ninayo hapa barua ya wananchi wangu walioko Dubai. Wanasema, 'Njia ya ng'ombe imechorwa mashariki mwa bwawa. Hiyo si njia yetu.' Mheshimiwa Spika, ikiwa hata njia ya ng'ombe hawaijui, ardhi wataijuaje?"

Wabunge wakapiga meza. Nikangoja aendelee. Akashukuru, akaketi.

"Hiyo si ile barua yenu?" mwenzangu aliniuliza.

"Ndiyo."

"Sasa mbona hajaimaliza?"

Msimamizi mpya alikuwa ameshaanza kupiga makofi, yalla, yalla, nasi tukarudi kazini. Mchana ule nilibandika lebo za Muscat kwenye makatoni ya Kuwait, safu nzima, ikabidi nizibandue moja moja kwa kucha. Jioni nikasoma kwamba kura zimepigwa na mpango umefutwa. Tena azimio lilikataza mamlaka kuleta mpango mwingine wa aina hiyo mpaka Bunge litunge sheria mpya.

Kilichoniumiza kuliko hayo kilikuja na simu ya mama.

"Watu wanasema ni watoto wetu wa Dubai walioukataa mpango. Wewe uliandika nini?"

Nilimsomea barua yote, kutoka kwenye picha niliyokuwa nayo.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini mimi ni mama yako."

Mwaka uliofuata binamu alikuja Dubai na ujumbe wa wabunge. Walikuwa wamepelekwa Hatta kutazama bwawa na mashamba ya milimani, na kabla ya kuondoka akatualika hotelini kwake. Wenzangu wengi walikataa. Mimi nilipanda metro nikaenda. Nilimkuta ukumbini, suti imemkaa vizuri, akainuka kunilaki kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, umekonda."

"Uliacha sentensi mbili," nikamwambia kabla sijaketi.

Hakujifanya haelewi. "Muda wa kuzungumza Bungeni ni mfupi."

"Kaka."

Akashusha pumzi. "Sikiliza. Mpango ule ungetufunga mikono. Kuna watu wako tayari kuwekeza pale, walete kazi. Au unataka kijiji kizima kije kubandika lebo Jebel Ali?"

Neno hilo liliniingia, kwa sababu nililala nalo mara nyingi mimi mwenyewe. "Basi ungesema hivyo," nikasema. "Ungesimama useme wewe ndiye huutaki. Kwa nini ukasema ni sisi?"

Akatazama simu yake, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. "Ndiyo siasa hiyo." Kisha, kana kwamba tumemaliza, akaniomba niandike barua nyingine, ya watu wa Dubai kumshukuru mbunge wao. "Wewe una mwandiko mzuri."

"Tafuta mwandiko mwingine," nikamwambia, nikaondoka. Chai niliyoagiziwa ilikuwa haijafika.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani, nilikuta waya umevutwa upande wa mashariki wa bwawa, na kina mama wanazunguka mbali kufuata ukindu. Baadhi yao hawakuitikia salamu yangu. Mama akawaita uani, nikawasomea barua, sentensi zote nne. Walisikiliza wakiwa wametulia. Mmoja wao, mwanamke wa rika la mama, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuanza na hiyo ya mwisho?"

Wiki zilizobaki nilikuwa natoka na mama asubuhi, tunakwenda kukata ukindu kule ambako waya ulikuwa haujafika. Kisha nikarudi kazini. Binamu bado ni mbunge. Mkewe hunitumia salamu kila Idi, nami namjibu yeye.