Soul ya Polepole, ya Betri Zilizochoka

Sisi tuliokulia Ihembe kabla simu za kugusa hazijafika, betri za redio tulizianika juani. Zilikaa pembeni ya mkeka wa buni, mama akigeuza kahawa kwa miguu, na jioni zilikuwa zimepata nguvu kidogo ya kuzungusha kanda. Kanda yenyewe ilikuwa ya baba mdogo Laurenti, na humo tulipenda wimbo mmoja tu: soul ya zamani ya Wamarekani weusi, mwanaume anabembeleza kama kafungiwa nje kwenye mvua. Kiingereza chake hatukukijua. Tuliimba hivyo hivyo, midomo imejaa katogo, ndizi na maharage ya moto yakituunguza ulimi.

Baba mdogo ndiye pekee aliyekuwa na gitaa kijijini. Alipopata kazi Mwanza nililia hadi akacheka.

"We binti, unanililia mimi au gitaa?"

"Gitaa."

"Haya. Ujue kupiga huo wimbo wote kabla hatujamaliza kuvuna kahawa. Ukiuweza, linabaki kwako. Ukishindwa, napanda nalo basi."

Jamani, nilihangaika. Kodi nyingine, ile mibano ya vidole kwenye nyuzi, zilikubali upesi, ila F, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, ilinitoa machozi. Hata shambani niliibana kwenye mpini wa jembe, mama ananiuliza, "Mwenzetu, hilo jembe litaanza kuimba lini?" Siku F ilipolia vizuri nilikimbia kuzunguka nyumba, kuku wakatawanyika.

Siku ya kupimwa ikafika, na baba mdogo akanunua betri mpya ili niufuatishe wimbo vizuri. Kumbe kwa betri zetu zilizochoka kanda ilikuwa inajivuta, na mimi nilijifunza huo wa kujivuta, wenye sauti nzito. Sasa ukatoka mbio, sauti iko juu, kila kodi yangu inagombana na redio. Nikaweka gitaa chini.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake. "Laurenti, huyo anakimbilia wapi? Zima, mtoto apige wa kwetu."

Akazima. Nikapiga polepole, vile tulivyouzoea, mama akaimba, dada zangu wakaitikia, na F ikatoka safi hadi mwili ukanisisimka. Baba mdogo akapanda basi na begi lake tu.

Vijana wa sasa mna raha zenu. Juzi binti wa jirani yangu alijifunza wimbo ule ule kwa mchana mmoja, gitaa la umeme kalichomeka kwenye simu, hedifoni masikioni, sauti anaisikia yeye tu. Akanivisha nami nisikie. Anapiga vizuri kuliko mimi, nilimkumbatia kwa furaha. Nikatoka uani nikamwambia mama yake, "Huo wimbo wa mwanao umenikumbusha mbali."

Akaacha kuosha vyombo, akanitazama. "Wimbo upi?"