Bastola Kumi za Fundi Amthor

Kwa miaka thelathini na mmoja Ottokar Amthor alikaa meza ya tatu dirishani, katika kiwanda cha silaha mjini Suhl, tupa ya kusugulia chuma mkononi. Bastola za kujipakia risasi zenyewe za wakati huo hazikutoka mashineni zikiwa tayari. Kila kipande kilipigwa tupa mpaka kikubaliane na mwenzake, kisha vyote vikagongwa namba ileile, maana kipande cha bastola hii hakikuingia katika ile. Amthor alizipenda namba zake kuliko watu wa nyumbani kwake. Risasi ingemwingia nani, hilo hakujiuliza hata siku moja.

Binti yake Irmhild, alipofika miaka kumi na sita, aliomba afundishwe tupa. Baba alimpiga vidole kwa tupa hiyohiyo, akamwambia mikono yake ni ya viazi. Miaka kumi na miwili akamenya viazi, nyumbani na katika kantini ya kiwanda, na kidole chake kimoja hakikunyooka tena.

Kisha akaja mhandisi Reussner na bastola mpya. Vipande vyake, alisema, vinaingiliana vyote. Haihitaji fundi wa tupa. Amthor akamcheka mbele ya karakana nzima. Mhandisi hakukasirika. Alisema atafungua bastola kumi, achanganye vipande kwenye beseni, na Amthor mwenyewe achague mtu wa kuziunganisha. Mtu huyo akishindwa, mafundi wa tupa watabaki. Akiweza, Amthor atakuwa wa kwanza kuondoka mezani.

"Mtu yeyote?" Amthor aliuliza. "Basi niitieni binti yangu jikoni. Huyo hata kifuniko cha sufuria humshinda."

Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Irmhild akaja na aproni iliyolowa. Mhandisi akamwonyesha mara moja tu, akarudi nyuma.

Ilipokamilika bastola ya nne, kicheko kilikuwa kimekwisha. Ya nane ilipowekwa mezani, Amthor aliinama sikioni mwake.

"Irmhild, mwanangu. Moja tu. Ishindwe moja tu."

Mwanangu. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu utotoni. Irmhild akakitazama kidole chake kilichopinda, akaunganisha ya tisa, na ya kumi. Zilipojaribiwa, zote zilifyatuka bila kukwama.

"Mmeona?" mhandisi aliwaambia mafundi. "Hata huyu ameweza."

Jumatatu Irmhild alikalishwa meza ya tatu, kwa nusu ya mshahara wa baba yake. Amthor akapewa kazi aliyoiacha binti. Alipofika kuchukua tupa yake, Irmhild alikuwa amekwisha kuitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Akamnyooshea kisu kidogo cha jikoni, macho hayakuondoka kwenye kazi.

"Menya nyembamba, baba. Mpishi hapendi hasara."

Akakipokea, akaenda. Irmhild akachukua kipande kingine kwenye beseni, chochote kilichotangulia mkononi. Naye hakujiuliza ni cha kumuua nani.