Pistoni ya Tano kwenye Mlima wa Kabasha

Niliondoka Goma kwa sababu ya pistoni moja iliyotoboka. Lori la patron wetu lilikuwa limekwama kwenye mlima wa Kabasha, njia ya Butembo, na dereva wake Kambale alituma neno kwamba injini imepiga kelele, ikatoa moshi mzito, ikafa. Patron, Mzungu mwenye garage, aliniambia nipeleke pistoni mpya, nitengeneze gari palepale, kisha nimletee ile mbovu aione kwa macho yake. Wenzangu waliona nimepewa heshima. Mimi nilijua nakwenda kukutana na kosa langu.

Nieleze kidogo, maana ninyi wa nyumbani hamjapanda Kabasha. Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima na magari hayapishani. Asubuhi wanapanda, mchana wanashuka, na kuna kizuizi chini na kingine juu. Lori zito likichelewa, mlinzi analizuia chini mpaka kesho yake. Kambale alikuwa amelala kizuizini mara mbili. Patron akamwambia, mara ya tatu ataandika ubaya kwenye buku yake ya kazi na kumnyang'anya funguo. Buku ikishaandikwa hivyo, hakuna anayekuajiri tena, awe Goma au Bukavu.

Basi Kambale alinijia akasema gari halina nguvu. Nilipekua kila kitu, sikuona ubovu. Ningemwambia hivyo yangekwisha, lakini mimi nilikuwa na kichwa kikubwa wakati ule. Nilipenda madereva waseme mkono wangu unafufua magari. Nikavunja muhuri wa madini ya risasi unaokataza mtu kugusa pampu ya mafuta, nikafungua skrubu ili injini inywe mazutu, yaani dizeli, zaidi, nikayeyusha risasi nyingine na kuufunga upya. Mafundi wengi walifanya mchezo huo. Ila kwa kawaida dereva aliambiwa, ili akiona moshi umekuwa mweusi mlimani aondoe mguu. Kambale sikumwambia. Nilimdanganya kwamba filtre, chujio la mafuta, ilikuwa chafu, nami nimeisafisha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori tupu lililokwenda kuchukua viazi Lubero. Kulikuwa na mawingu, mlima wa moto haukuonekana, na mawe meusi ya kando ya barabara yalikuwa yamelowa. Nilikaa mbele na sanduku langu la vyombo, pistoni mpya nimeifunga ndani ya koti. Dereva alinikaribisha kwa maneno mara mbili tatu, akaona sijibu vizuri, akaniacha.

Saa nne tulikuwa Rutshuru. Wenzangu wa safari walikula ndizi za kuchoma. Mimi nilibaki garini na ile pistoni.

Baada ya Rutshuru tuliteremka bondeni Rwindi, joto likatupokea. Nyati walikuwa wamesimama kwenye nyasi wakitutazama. Siku nyingine ningefurahi kuwaona, na leo ningekuwa nawasimulia habari zao. Siku ile nilikuwa nahesabu mizunguko ya ile skrubu: nusu, nusu nyingine, kisha robo ya kujionyesha tu. Ile robo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Saa tisa tulifika kizuizini. Zamu ya kupanda ilikuwa imepita, kwa hiyo nilipanda kwa miguu na sanduku begani. Mlinzi, mtu mnene mwenye kikohozi, alinionyesha kona.

"Iko kona ya tatu. Siku mbili sasa ile mutu hashuke kula. Anasema hawezi kuacha gari ya patron."

Kambale alikuwa amekaa kivulini mwa gari, macho mekundu. Mzigo wa saruji ulikwisha kuchukuliwa na lori jingine. Aliniinukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kabla sijaweka sanduku chini akaanza kuniomba radhi. Yeye, kuniomba radhi mimi!

"Nimeua kazi yako, fundi. Ulinitengenezea gari muzuri, mimi nikakanyaga sana. Niliona saa inaenda, nikasema nisilale hapa tena. Moshi niliiona, lakini sikujua inasema nini."

"Bon, tutaona," nilisema. Nikaweka sanduku chini.

Asubuhi yake tulifungua injini. Pistoni ya tano ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Mazutu yakizidi, moto unazidi, na pistoni inaliwa kuanzia juu. Namshukuru Mungu silinda ilikuwa na mikwaruzo tu. Kambale alifanya kazi kuliko mimi: alilala chini ya gari, akashika, akafuta, akapokea mafuta usoni. Tulipokaribia kumaliza nikamtuma maji mtoni. Nilitaka nibaki peke yangu na pampu.

Alirudi mapema. Alinikuta na bisibisi kwenye skrubu, muhuri wangu wa uongo umeanguka karibu na gurudumu.

"Hapo unafunga nini, fundi?"

"Naangalia tu."

Aliweka ndoo chini. Akautazama ule muhuri.

Kesho yake asubuhi tulipanda hadi Kanyabayonga ili tupate mahali pa kugeuza, tukashuka na zamu ya mchana. Hata likiwa tupu, lori lilipanda polepole, nami nilimwona Kambale akisikiliza mguu wake. Kwenye kona ya mwisho alisema, bila kunitazama, "Imerudi vile ilikuwa mbele ya kusafisha ile filtre." Mpaka Goma tulizungumza habari za maji na mafuta tu.

Njiani nilitunga maneno ya kukiri kosa langu kwa patron. Tulipofika Rutshuru yalikuwa tayari. Tulipopita Kibumba niliyarudia kwa sauti ya chini, neno kwa neno.

Kwenye garage, patron aliigeuza ile pistoni kwenye mwanga wa dirisha. "Nani aliua hii moteri?"

Kambale alinitazama. Hakunikasirikia; alikuwa ananingoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa, na mimi nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi, patron," akasema mwishowe. "Nilikanyaga."

Patron aliandika kwa wino mwekundu, akapokea funguo.

Nilimkimbilia Kambale nje, nikamfikia karibu na mtaa wa Birere, buku iko mfukoni mwake. Nikamuuliza kwa nini hakusema alichokiona.

"Ningesema, angesema chauffeur anasingizia fundi," alijibu. "Ile neno ilikuwa yako."

Kesho yake alirudi kwao Butembo, na mke na vitu vyao, juu ya magunia ya chumvi, abiria kwenye lori la mtu mwingine.

Mmeniuliza safari ile ilinifunza nini. Ufundi sikuongeza, habari ya tundu lile niliijua kabla sijatoka Goma. Nilijifunza kwamba naweza kusimama hatua mbili kutoka kwa mtu anayezama kwa ajili yangu, nikaangalia viatu. Zamani sikujijua hivyo.