Farasi Aliyechechemea Jumatatu

Farasi wa Mama Shamba alikuwa anachechemea Jumatatu. Jumanne kidogo. Ikifika Alhamisi anatembea kama bwana harusi, na Jumamosi mwenyewe anampanda, wanazunguka ngano yote bila shida. Jumatatu inayofuata tunaanza upya. Nilikaa na jambo hilo miezi mingi bila kulielewa, na mimi jambo nisilolielewa hunipandisha hasira. Nilimkasirikia farasi, nikamkasirikia daktari, nikayakasirikia hata matope.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja la juu ya Timau. Mwenye shamba alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, ndiye tuliyemwita Mama Shamba. Aliniajiri kwa sababu nilimwambia nimekulia Embu ya chini, kwenye joto, ambako tulichota maji kwa punda. Alisema mtu aliyeelewana na punda hawezi kushindwa na farasi. Farasi alikuwa mmoja tu, wa miaka ishirini na miwili, aliyeachwa na marehemu mumewe. Magoti ya Mama Shamba yalikuwa mabovu, hakuweza kutembea shamba zima, na gari hakulitaka. Alisema gari hukuonyesha barabara, farasi hukuonyesha ngano. Alikuwa akipandia kwenye jukwaa la mitungi ya maziwa, na akishakaa juu umri wote unabaki chini.

Ngano ilipoanza kutoa masuke, aliniita jikoni.

"Mimi sitaki kutesa mnyama," akasema. "Tukimaliza kuvuna na bado anachechemea, nitaita daktari amlaze. Umenisikia?"

Kumlaza ni kumdunga sindano asiamke tena. Nilisema nimesikia. Nilienda bandani nikalia, kisha nikanawa uso nikampa nyasi zake. Nilimpenda farasi yule, sina haja ya kuficha.

Fundi wa kwato alikuwa wa kwanza kunichanganya. Aliniambia nimtembeze, akaangalia jinsi anavyotikisa kichwa, akashika mguu wa mbele wa kushoto. "Ni huu. Kichwa hakidanganyi." Akachimba ukwato, akanusa, hakuona usaha. Wiki iliyofuata akarudi, akasema ni mguu wa nyuma wa kushoto, kwa sababu ncha ya ukwato imelika kwa kuburutwa.

"Si last week ulisema ni mbele?"

"Last week sikuwa nimeangalia nyuma," akanijibu, bila hata aibu kidogo.

Daktari wa mifugo naye alitoka Meru mjini, akafika saa sita mchana. Gari lake liliogopa matope, basi nikamteremsha farasi polepole mpaka langoni, mwendo wa karibu nusu saa. Kufika pale, farasi anakanyaga sawasawa kama askari wa gwaride. Hivyo hivyo mara tatu.

"Madam, huyu farasi ako sawa kuniliko," daktari akaniambia.

"Daktari, asubuhi alikuwa anaburuta mguu. Haki ya Mungu."

"Ata ile siku ingine ulisema hivyo."

Aliacha dawa ya unga ya maumivu, ya kuchanganya na pumba. Dawa ilipokuwepo maumivu yalipungua, dawa ilipokwisha yakarudi.

Nikaamua kumtibu mwenyewe. Kwetu mgonjwa hulala. Nilimfungia bandani siku tatu, nikamtandikia majani mengi, nikamfunika blanketi kwa sababu baridi ya Timau haina huruma. Siku ya nne alitoka vibaya kuliko alivyoingia. Nilisimama mbele ya pua yake nikamwambia, "Wewe unanicheza." Farasi anayefanya kazi anapona, anayepumzishwa anaumwa. Hesabu gani hiyo? Nilibaki na wazo moja tu, kwamba ameipenda Jumapili kupita kiasi, na Jumatatu anadeka.

Jumapili ya wanyama ilikuwa sheria ya mama yangu mzazi. Alisema Biblia imemtaja hata punda, naye apumzike. Kwetu Jumamosi jioni kamba na matandiko yalitundikwa, na punda alifungwa zizini mpaka Jumatatu alfajiri. Siku hiyo alikuwa mzito kuanza. Tulimwita Mvivu. Mama alinipa fimbo, na tukikaribia mtoni Mvivu anakuwa amechangamka. Sheria hiyo niliibeba nzima nikaja nayo Timau. Jumamosi jioni nilitia komeo, na Jumapili farasi hakutoka, ni nyasi na maji tu. Mama Shamba alifurahi, akasema nimelelewa vizuri.

Kisha ikaja Jumapili ya mhubiri mgeni. Alihubiri karibu saa mbili nzima, mpaka watoto wakalala. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama Shamba. Tulipoambiwa tusimame kwa maombi, yeye hakuinuka mara moja. Alishika benchi, akainuka nusu, akatulia, akamalizia. Ibada ilipokwisha akapiga hatua ya kwanza akiburuta mguu, na kichwa kikaruka. Ya pili vivyo hivyo. Mlangoni alikuwa nafuu. Alipomaliza kusalimia watu uani na kufika kwenye gari lililomleta, alikuwa wima kabisa. Mimi nilibaki nimeshika Biblia, nikiangalia miguu yake. Mwendo ule niliujua. Niliuona kila Jumatatu.

Sasa unamwambiaje mwajiri wako kwamba anatembea kama farasi wake? Nilizunguka.

"Mama, magoti inauma zaidi ukikaa?"

"Inaganda. Nikikaa sana inaganda kabisa. Lazima nitembee ndio ifunguke."

"Na mtu akikufungia kwa nyumba siku mzima, ndio upumzike?"

"Huyo anataka kuniua." Akaniangalia. "Unaongea juu ya nani?"

Nikamwambia. Nilidhani kazi imekwisha. Kisha akasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, kwa hiyo Jumapili ijayo nimtoe.

Basi nikaivunja sheria ya mama yangu. Usiku nilimwachia farasi mlango wazi aende malishoni apendavyo, na Jumapili kabla ya ibada nilimwongoza kwa kamba kandokando ya ua. Waliokuwa wakienda kanisani walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kupotea. Jumatatu ya kwanza alichechemea vilevile, nikakata tamaa. Ya pili akachechemea kidogo. Ya tatu, hatua chache tu za mwanzo. Nikampigia daktari simu nikamwambia safari hii aje asubuhi, apande mwenyewe mpaka bandani, matope au la. Alikuja. Aliukunja mguu wa nyuma wa kushoto, akamwachia atembee, akaona nilichokuwa nikimwapia. Alisema ni viungo vya uzee, na kile kichwa kilikuwa kinatupa uzito mbele ili kuusaidia mguu wa nyuma. Haviponi. Asisimamishwe sana, asipandishwe milima, apewe ile dawa ya unga kidogo siku za baridi. Kumbe kila mtu alikuwa ameona kipande.

Kombaini ya kuvunia ilipomaliza shamba la mwisho, Mama Shamba alisimama kwenye jukwaa la maziwa na fimbo yake ya kutembelea. Alimwangalia farasi akija. Hatua tatu mbaya, halafu nzuri. Nilishika kamba kwa mikono miwili.

"Mlete nipande," akasema.

Nilifurahi wiki nzima. Jumapili iliyofuata nilikuwa namtembeza kando ya mabua ya ngano, na katikati ya njia nikasimama. Nikatoa simu nikampigia mama yangu.

"Mama, unakumbuka punda yetu, Mvivu?"

"Yule wa kusumbua Jumatatu? Tuliuza."

"Alikuwa mzee?"

"Mzee sana. Mbona?"

"Hakuwa mvivu, mama. Miguu ilikuwa inamuuma."

"Basi mbona alikuwa anatembea ukimpiga?"

Jibu nilikuwa nalo: alitembea kwa kuogopa fimbo, na mwendo ndio uliomfungua miguu. Na siku zile fimbo ilikuwa mkononi mwangu, si mwake.