Mawe ya Chini ya Mfuko

Mimi ni mwalimu wa uraia katika sekondari moja pale Nyahanga, Kahama, na mada ninayoipenda kuliko zote ni pengo la kipato: kwa nini wengine wanacho na wengine hawana, na dawa yake ni nini. Ninaifundisha kwa moyo wote. Wanafunzi wanailala kwa moyo huohuo. Siku moja mkaguzi alikuja kukaa nyuma ya darasa langu, na kengele ilipolia tulimwamsha pamoja na wengine.

Kwa hiyo likizo fupi ya Septemba nilipokwenda kumtembelea kaka yangu machimboni, upande wa Geita, nilikwenda na njaa ya wasikilizaji.

Kaka yangu anachimba dhahabu tangu mimi niko darasa la sita. Mwaka huu alikuwa anajenga nyumba ya kwanza ya maisha yake, ya tofali mbichi za udongo. Kuta zilikuwa zimefika juu, zimefunikwa turubai la bluu lililotoboka, na kilichobaki ni bati. Tofali mbichi na mvua hazipatani hata dakika moja. Shemeji alikuwa anatazama mawingu kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

"Mgawo wa kesho ukienda vizuri," kaka aliniambia, "naezeka kabla mvua haijaanza."

Nikamwambia kesho nitakwenda naye. Angejua, angenifungia stoo.

Mgawo wenyewe ulikuwa hivi. Mawe yanayotoka kwenye duara, yaani lile shimo lao, hujazwa kwenye mifuko na kupangwa mstari. Katika kila mifuko kumi, saba ni ya mwenye duara na mitatu ni ya wachimbaji wote kumi na mmoja. Na mwenye duara anachagua kwanza. Huyu zamani alikuwa anauza vipuri vya pikipiki Kahama, na machimboni kote anaitwa Bosi. Alifika na kirikuu cha kubebea mawe, amevaa viatu vyeupe pee, mahali ambapo hata kuku ni wekundu kwa vumbi.

Bosi akapita mstari mzima akifungua midomo ya mifuko. Anachukua jiwe la juu, analigeuza juani. Likimetameta, mfuko unakwenda kwenye kirikuu. Lisipometa, anaurudisha. Wachimbaji wakabaki na mifuko ambayo juu yake kulikuwa na mawe meupe yaliyofifia, ambayo usingemrushia hata mbwa. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wametazama chini, wapole kama watu waliopo msibani.

Damu ikanichemka. Kumbe ndiyo ile mada yangu, iko mbele yangu, imevaa viatu vyeupe!

"Shikamoo Bosi," nilisema, nikajitokeza mbele. "Naomba dakika tano."

Nilitumia arobaini. Nilieleza usawa, nilieleza haki, nilieleza taifa. Kaka akaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi. Akanikanyaga kidole cha mguu. Nikasogea kumpa nafasi. Halafu nikatoa tiba yangu: mawe yote yamwagwe chini, yachanganywe kwa koleo, ndipo yajazwe upya, ili pasiwe na mfuko mzuri wala mbaya, na wa kwanza kuchagua asimpunje wa mwisho.

Bosi aliwanyooshea kidole wachimbaji. "Hawa kila siku wananinung'unikia kwamba nachukua mazuri," alisema. "Mwalimu amesema haki. Mwageni."

Wakamwaga. Sijawahi kuona watu wakipokea haki kwa uchungu vile. Mzee mmoja alikuwa anachanganya na koleo huku akisema maneno ya Kisukuma ambayo marehemu mama alitukataza nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja mikono, nikijisikia mtu mkubwa. Bosi alinipa lifti mpaka njia panda na soda ya baridi, nikaingia basi la Kahama siku hiyohiyo bila kupita kwa kaka kuaga vizuri.

Wiki mbili baadaye nilirudi kuona bati. Sikuona bati. Niliona turubai lile la bluu, limetoboka zaidi.

"Mwangaluka, shemeji," nilisalimia.

Shemeji aliitikia huku ameangalia pembeni. Akaniletea michembe bila karanga. Mtu wa kwetu akikupa viazi vikavu vitupu, na karanga zipo kwenye ungo unaziona, ujue una kesi.

"Mawe yalikwenda vibaya?" niliuliza.

"Yalikwenda sawasawa," alisema. "Ndiyo shida. Shemeji, ada yako ya chuo unajua ilitoka wapi?"

"Kwa kaka."

"Kwa mifuko mitatu! Kila mgawo, miaka yote ile. Wewe unafikiri jiwe linalometa ndilo lenye dhahabu?"

Kusema kweli, nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza. Jiwe lenye dhahabu pale kwao ni lile zito, la rangi ya kutu, halina sura. Linalometameta linameta tu. Wachimbaji, ambao wanalijua jiwe tangu liko chini, walikuwa wanajaza mifuko saba mawe ya kawaida na kuipamba juu kwa yale ya kumeta. Mitatu wanaijaza yale ya kutu, halafu juu wanaweka mawe meupe yaliyokufa. Bosi anachagua kwa macho yake mwenyewe, anaondoka na furaha, na dhahabu yake ya kutosha anaipata, maana saba ni saba. Na wao mitatu yao inakuwa mitatu kweli.

"Yeye alichukua ya kumeta," shemeji alisema. "Wewe ukachukua digrii. Umekuja na hiyo digrii, ukayamwaga."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilikuwa nimesawazisha mawe na sikugusa kabisa hesabu ya saba kwa tatu. Hata kuiuliza sikuiuliza. Na yule kaka yangu, ambaye alishuka shimoni miaka yote ili mimi nikae darasani kwenye kivuli, alirudi jioni ile akaniambia tu: "Bebe, mdogo wangu, siku ile ulisema vizuri. Sauti ilifika." Afadhali angenichapa.

Mbaya zaidi, Bosi aliupenda usawa wangu. Alikuwa ametangaza kwamba mgawo wote sasa ni wa kumwaga na kuchanganya, na alinipigia simu mwenyewe: "Mwalimu, Jumamosi njoo utusimamie." Mawingu ya Oktoba yalikuwa yameshajipanga. Huo ulikuwa mgawo wa mwisho kabla ya mvua.

Nilikwenda. Mawe yakamwagwa, yakachanganywa. Mifuko mitupu ikaletwa. Bosi akasimama palepale pembeni ya rundo, ameshika kiuno. Kaka alinitazama mara moja, akainamia koleo lake.

Ndipo nilipojua Mungu alinipa kipaji gani, na kwa nini.

"Bosi," nilisema, "siku ile nilikupa tiba kabla sijakueleza sababu. Mwalimu hafanyi hivyo. Kaa hapa kwenye kiti, upande huu, jua lisikupige usoni."

Akakaa, mgongo kwenye rundo. Nikaanza na ardhi. Nikaingia kwenye ng'ombe na ukame, nani alibaki na zizi na nani alibaki na fimbo. Nikaenda kwenye pamba, bei yake ilivyopanda na kushuka, nikaitembeza pamba ile kutoka shambani mpaka kiwandani na kuirudisha. Nyuma ya Bosi nilisikia mawe yakichaguliwa moja moja, tik, tik, polepole mno kwa watu wanaojaza tu mifuko.

Kitu kimoja sikukitegemea. Bosi hakulala. Aliniangalia macho wazi, akaitikia, akauliza maswali, na maswali yenyewe mazuri. Katika kazi yangu yote huyo ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumpata, na nilikuwa namwibia. Roho ikanisuta, ikabidi nimpe nafasi ya kweli.

"Na sababu kubwa kuliko zote, Bosi," nilisema, "ni mgawo wenyewe. Saba kwa tatu. Anayeshuka chini na anayekaa juu."

Alikuna kidevu. Alifikiri, Mungu ni shahidi yangu, alifikiri kweli.

"Hiyo tuiache," alisema. "Rudi kwenye pamba."

Basi nikarudi kwenye pamba, na roho haikunisuta tena. Nikaongeza urithi. Nikaongeza elimu, mikopo, barabara. Nilipoishiwa sababu nikazirudia kwa mpangilio mwingine. Koo lilikuwa limekauka nilipomwona kaka akifunga mdomo wa mfuko wa mwisho na kunipa ishara ya kichwa.

"Sawa," Bosi alisema, "sababu nimezielewa. Tiba je?"

"Tiba iko tayari, Bosi," nilisema. "Nenda kachague."

Akainuka, akapangusa viatu vyake vyeupe, akaenda moja kwa moja kwenye ya kumeta.

Mvua ya kwanza ilinikuta darasani, nafundisha mada yangu, watoto wote wamelala. Simu ikaita, ilikuwa namba ya kaka. Nikatoka nje kupokea, nikasema haloo, haloo. Kaka alikuwa ameinua simu juu, na mvua ilikuwa inapiga bati.